Malaika wa Kajaga

Dar es Salaam, 2 Juni 2024

Nyogokuru, bibi yangu Dorothée,

Najua Mzee Salvator anakusomea barua hii kwa sauti kubwa upande wa sikio lako la kulia, kwa hiyo nawasalimu na majirani wote mnaoisikia. Mambo ya simu tumeyaacha. Mara ya mwisho tuliongea dakika ishirini, halafu ukamuuliza Mzee Salvator ni nani yule aliyekuwa anapiga kelele.

Mimi ni mzima, na kazi ya kupiga picha inaendelea. Nina ombi moja. Alhamisi rafiki yangu Gaël, yule mpiga picha wa mtaa wa Asiatique pale mjini, atakuja kwako Kajaga. Vaa ile nguo yako ya sikukuu, imvutano, usimame mbele ya ukuta mweupe, peke yako, utazame kamera, na tafadhali usicheke. Nataka nipate picha yako moja nzuri kabla muda haujaisha. Ni ya nini, nitakuambia baadaye. Usiwe na wasiwasi, na usiulize sana.

Nakupenda,
Elsa

*(Karatasi ya pili, kwa Mzee Salvator peke yake. Isisomwe kwa sauti.)*

Mzee Salvator, shikamoo. Tangu mwaka jana natafuta kwa kamera mahali watu wanapokutana na Mungu: makanisani, msikitini, kwa wachonga sanamu, ziwani asubuhi. Ukumbi mmoja wa huku umenipa ukuta mzima, picha kumi na mbili. Ni maonyesho yangu ya kwanza, na ninazo kumi na moja. Mama Fabiola, mwenye ukumbi, alizitazama zote, akavua miwani, akasema: "Binti, ni nzuri kama kalenda. Mungu mwenyewe alikuwa ametoka?" Amenipa hadi tarehe 15 Julai nilete ya kumi na mbili yenye uhai. La sivyo, ukuta atapewa mwingine.

Nimefikiria uso wa Nyogokuru. Lakini akijua, ataharibu. Unakumbuka askofu alipotutembelea, Nyogokuru akashika rozari na kukunja uso kama mtu anayeng'olewa jino. Nakuomba usimwambie kitu. Ulikuwa karani miaka thelathini, siri unajua kuitunza.

Kajaga, 9 Juni 2024

Elsa mutoto wangu,

Nimeelewa. Mi sikusoma, lakini si mujinga.

Gaël alikuja Alhamisi kama ulivyosema. Kijana muzuri, ila amekonda, nikamulisha ugali na ndagala za ziwani kwanza, picha baadaye. Halafu akanisimamisha kwa ukuta mweupe. Peke yangu. Imvutano. Mikono chini. "Usicheke, Mama." Hapo ndipo nikajua.

Elsa, mi nimezika watu wengi kwa mtaa huu. Mutu wa miaka yangu hapigwi picha peke yake, amevaa vizuri, bila kucheka, hivi hivi tu. Hiyo ni picha ya kubebwa mbele ya jeneza. Marehemu Bahizire alipigwa ya namna ile ile, na wiki tatu baadaye tulikuwa kwake tunakula wali. Tena mwezi wa nne nilikwenda hospitali kwa sababu ya goti. Daktari alitazama, akavuta pumzi, akaandika Kifaransa kirefu. Goti halihitaji Kifaransa kirefu. Sasa we unaniandikia "kabla muda haujaisha" na "usiwe na wasiwasi". Basi mulijua mbele yangu, mukanificha.

Sina hasira. Nina miaka sabini na nane, hakuna aliyenipunja. Ila nisikilize. Korali isiimbe polepole, sitaki kuondoka kama gari iliyoishiwa mafuta. Dieudonné wa kikundi cha sala asipewe neno. Kwa mazishi ya ndugu yake alihubiri mupaka hata maiti ilichoka. Kuku mweupe ni wa Salvator kwa kazi ya kuniandikia. Mweusi ni mukali, apewe Padri.

Amebaki mutu mumoja, Caritas. We ulikuwa bado mudogo. Mi nilifua vitambaa vya altare vya parokia miaka ishirini na mbili, kwa mikono hii, na vilikuwa vinatoka vyeupe mupaka Padri anafumba macho. Halafu Pasaka moja, sasa ni miaka tisa, vikatoka pinki. Vyote! Kama mashavu ya muzungu aliyekaa juani. Kanisa zima liligeuka kunitazama. Padri Sébastien akanitoa kwa kazi, akamuweka Caritas, jirani yangu huyu wa nyuma, aliyekuwa ananisaidia kubeba beseni. Na yee akakubali bila hata kuona haya! Tangu siku hiyo sijamupa hata salamu ya "amahoro". Mi nikikaa kushoto kanisani, yee anakaa kulia. Lakini mutu hawezi kufika mbele ya Mungu amebeba jirani mugongoni. Keshokutwa naenda kumusamehe, nimalize.

Usilie. Kula vizuri.

Nyogokuru yako,
Dorothée

*(Mimi Salvator naongeza haya bila yeye kujua. Kweli Padri alisema siku ile kwamba rangi ya waridi inaruhusiwa Jumapili mbili tu kwa mwaka, na Pasaka si mojawapo. Elsa, umenifunga mdomo na mimi ni mtu wa neno langu, lakini andika upesi. Ameshanichagulia tai ya kuvaa kwenye mazishi.)*

Kajaga, 12 Juni 2024

Elsa,

Kaa chini kabla ya kusoma. Mi mwenyewe nimekaa.

Jana nilikwenda kwa Caritas. Nilimukuta anachambua maharagwe na binti yake aliyekuja kumutembelea. Aliponiona mulangoni akashika sufuria mbele ya kifua kama askari.

Nikamuambia: "Kaa. Sikuja kupigana. Nakufa."

"Lini?"

"Sijapewa tarehe. Lakini picha imekwisha kupigwa."

Akaweka sufuria chini. Anajua maana yake.

Nikasema: "Nakusamehe kwa kukalia kazi yangu miaka tisa. Nakusamehe kwa ile sauti unayotoa wakati wa komunyo, kama vile Yesu amekuja kwako tu. Yote nakusamehe." Nilisema mbele ya binti yake, ili shahidi awepo.

Basi Caritas akaanza kulia. Si kile kilio cha adabu, ni kile cha kamasi. Akasema: "Dorothée, ilikuwa kitenge changu."

"Kitenge gani?"

"Chekundu, kipya. Nilikificha katikati ya vitambaa vya altare, kwa beseni lako."

"Kwa nini, we mwanamuke?"

"Ili kipate baraka. Nilifikiri kikioga pamoja na vitu vya Mungu, kitabarikiwa. Binti yangu alikuwa haolewi."

Elsa! Miaka tisa natembea nimeinamisha kichwa kwa parokia yangu, watu wanasema macho ya Dorothée yamekufa, hajui nyeupe na nyekundu, kumbe ni kitenge kilichokuja kuombewa mume! Nikamuuliza: "Na binti aliolewa?" Yule binti akajibu mwenyewe, huku anatazama maharagwe: "Mwaka ule ule, Mama."

Na unajua kinachoniuma? Nilikuwa nimekwisha kumusamehe! Nimesamehe kwanza, nimejua baadaye. Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Kama si kwamba nakufa, ningerudi kesho kuongea naye vizuri.

Dorothée

*(Salvator: Neno "kuongea" si hilo alilolitumia.)*

Dar es Salaam, 14 Juni 2024

Nyogokuru,

HUFI. Mzee Salvator, neno hilo lisome mara tatu.

Nisamehe, kosa ni langu. Nilitaka kukushtukiza kwa furaha, nikakushtua kwa kifo. Picha ilikuwa ya maonyesho yangu, na muda nilioutaja ni wa ukumbi, si wako. Mzee Salvator anajua yote na sasa anaruhusiwa kusema. Pia namwomba asome ile karatasi ya daktari aliyekuandikia Kifaransa.

Picha aliyopiga Gaël nimeiona. Haifai. Unatazama kamera kama mtu anayeiagiza imzike vizuri. Kwa hiyo bado nina kumi na moja, na mwezi mmoja. Nakuomba hivi: mruhusu Gaël aje akutazame ukiwa kwenye kazi zako, bila ukuta, bila kusimama. Ukikataa nitaelewa, nitamrudishia Mama Fabiola nafasi yake.

Elsa wako mjinga

Kajaga, 19 Juni 2024

Elsa,

Asante kwa habari kwamba mi ni muzima. Ungeanza na hiyo.

Salvator amesoma karatasi ya daktari. Inasema goti limezeeka na nipunguze chumvi. Kifaransa chote kile kwa sababu ya chumvi! Kuku mweusi nimekwisha kumupeleka kwa Padri, na amekataa kumurudisha. Anasema wamezoeana.

Siku ile ile nilikwenda kwa Padri Sébastien kuulizia ule musamaha. Nikamuambia: "Padri, nilimusamehe Caritas kwa sababu nilikuwa nakufa. Sasa sifi. Naomba unirudishie."

Akasema: "Mama Dorothée, musamaha si sufuria. Hauazimwi."

"Lakini sikuambiwa habari ya kitenge!"

Akainamisha kichwa, mabega yakawa yanatikisika. Mi nilifikiri analia kwa ajili yangu, kumbe anacheka. Halafu akatupa malipizi, mi na Caritas pamoja: kabla ya sikukuu ya Petro na Paulo tufue vitambaa vyote vya altare, beseni moja, sabuni moja. Na kwa kuwa mabomba yamekauka wiki ya pili sasa, tutafulia ziwani. Kwa hiyo unaona we umenifikisha wapi na kamera yako.

Na Mungu wako wa ukutani, nisikilize. Mungu si ndugu ya Gaël, aje asimame akiambiwa simama. Na kusali ni kama kuoga, mutu hapigwi picha. Ila nimesikia Salvator anasoma yale ya kukosa ukuta, na sauti yake ikapungua, na yangu pia. Gaël aje Jumanne ziwani. Akae mbali, asinisemeshe, na Caritas asipigwe kwa upande wake muzuri.

Dorothée

Kajaga, 28 Juni 2024

Elsa, Elsa, Elsa!

Imana, Mungu wetu, ni mukubwa. Leo usikae, simama.

Jumanne tulikwenda kufua. Unajua ziwa limepanda, limekula nyumba za mbele, zimebaki kuta. Gaël akapanda juu ya ukuta mumoja na mashine yake. Mi na Caritas tukafua bila kuongea, yee anasugua, mi nasuuza, halafu mi narudia kusugua alivyosugua. Tukaanika kwa kamba kati ya nguzo mbili za ile baa iliyozama. Elsa, vilikuwa vyeupe! Upepo unavijaza, jua linapita ndani. Hata Caritas alisahau akasema "vizuri," na mi nikasahau nikamujibu.

Saa kumi na moja kiboko akatoka majini. Ni yule wetu, anayekula majani kwa mashamba ya watu. Caritas alimuona kwanza. Hakuniambia "kimbia," hakuniambia "kwaheri"! Nilisikia beseni linaanguka, nikageuka, nikaona mugongo wake unakwenda. Mwanamuke wa kilo tisini, sijui mbio zile alizihifadhi wapi.

Na kiboko anakuja moja kwa moja kwa vitambaa. Mi nikamusimamia mbele na mche wa sabuni. Nikamuambia: "We! Hii ni ya Padri! Rudi!" Akafungua mudomo. Elsa, mudomo ule unaweza kuingiza pikipiki na abiria wake. Mi nikainua mukono na sabuni yangu.

Hapo ndipo kitu kikanishika kiunoni. Mikono, Elsa. Naapa. Mikono miwili, ya moto, yenye nguvu isiyo ya mutu. Ikaninyanyua nyuma kama mutoto, nikaanguka kwa matope, na kitambaa kikubwa cha altare kikakatika kwa kamba kikanifunika uso. Nyeupe tupu. Nikafikiri: hii ndiyo mbingu, mbona inanuka sabuni?

Nilipojifunua, kiboko anarudi majini kama mutu aliyesahau kitu nyumbani. Gaël yuko juu ya ukuta, ameganda. Caritas yuko kule, hatua kumi, ameinama anaokota beseni, hata hanitazami. Kando yangu hakuna mutu. Unaelewa? Hakuna mutu!

Jana kwa kikundi cha sala nilitoa ushuhuda. Vigelegele! Dieudonné akauliza mikono ya malaika ilikuwa namna gani, nikasema mikubwa, kama ya mutu aliyefanya kazi. Watu watatu walilia. Caritas alikuwa kwa safu ya nyuma, anapiga makofi kama wengine. Nikamutazama usoni nikasema mbele ya wote: "Malaika hawakimbii." Akainamisha kichwa. Nilisikia utamu, siwezi kukudanganya.

Mwambie huyo Mama Fabiola kwamba amechelewa. Mungu alikuwa hapa Jumanne, na Gaël wako aliganda, hakupiga kitu.

Nyogokuru yako aliyeguswa,
Dorothée

*(Salvator: Parokia imeniomba nakala mbili za ushuhuda huu. Nimezichapa kwa mashine, na neno "malaika" nimeliandika kwa herufi kubwa.)*

Dar es Salaam, 1 Julai 2024

Nyogokuru,

Nimesoma barua yako nikacheka mpaka watu wa chumba cha pili wakagonga ukuta. Halafu Gaël akanitumia kitu, na sikucheka tena.

Hakuganda mwili mzima. Kidole chake kilibonyeza chenyewe. Ni picha moja tu, na nimekuchapishia kubwa, ipo kwenye bahasha hii. Itazame mchana, mlangoni, penye mwanga. Sitaki kukuambia nilichokiona mimi. Mama Fabiola alipoiona alivuta kiti akakaa.

Hii ndiyo ya kumi na mbili. Nyingine sina, na sitapata. Lakini bila ndiyo yako siitundiki, kwa sababu ukiitazama utajua itakupotezea nini kwa watu wako. Tarehe 15 inakaribia. Hata ukisema hapana, nitabaki mjukuu wako.

Gaël alijua tangu siku ile. Aliombwa anyamaze, na utaona mwenyewe ni nani aliyemwomba.

Elsa

Kajaga, 6 Julai 2024

Bi Elsa,

Leo naandika mwenyewe, bila kuamriwa, jambo ambalo sijalifanya tangu nistaafu.

Bahasha ilifika Alhamisi. Tulikaa mlangoni kama ulivyoagiza. Katika picha kiboko ametoka majini nusu ya mwili, mdomo wazi. Mbele yake yupo Nyogokuru wako, mkono juu na sabuni yake, kitenge kimefunguka, jipo, sketi yake ya ndani, inaonekana yote, nayo imechanika. Nyuma yake yupo Mama Caritas. Ana kiatu kimoja. Miguu imezama kwenye matope, mikono yote miwili imezunguka kiuno cha Mama Dorothée, macho ameyafumba, mdomo unapiga ukelele. Juu yao kile kitambaa cha altare ndiyo kwanza kinaanza kukatika kwenye kamba, na jua limo ndani yake.

Kwanza alisema: "Jipo yangu." Akatazama tena, akaweka kidole juu ya ile mikono, akahesabu vidole vya mikono hiyo kimoja kimoja. Kisha akanyamaza. Miaka sita ninamwandikia mama huyu na sijawahi kumwona akinyamaza, hata wakati wa mahubiri. Ijumaa hakula. Nikamwambia kwa upole kwamba angeweza kuirudisha picha kwenye bahasha, na malaika wake angebaki salama, kwa kuwa wanaojua ni wachache. Aliniita jina ambalo sitaliandika.

Leo asubuhi ameifunga picha kwa kitambaa, amekwenda nayo kwa Mama Caritas. Amekataa nimsindikize. Sijui atarudi na ndiyo au na hapana. Nasubiri hapa na kalamu.

Wako mtiifu,
Salvator

Kajaga, 8 Julai 2024

Elsa mutoto wangu,

Nilimuwekea Caritas picha juu ya meza. Nikamuuliza: "Huu mukono ni wa nani?"

Akasema: "Macho yangu mabaya siku hizi, Dorothée."

"Na hii pete ni ya nani?"

"Malaika pia wanavaa pete."

"Malaika wako alivaa kiatu kimoja?"

Akaanza kufuta meza, na meza ilikuwa safi.

Nikamuambia: "Nimekutukana mbele ya kikundi kizima. Kwa nini ulinyamaza?"

Akasema: "Hukusema uongo. Nilikimbia. Nilifika mupaka kwa ukuta wa Gaël. Halafu nikasikia unamugombeza kiboko kwa sababu ya vitambaa, nikajua huyu mujinga haondoki. Nikarudi nimefumba macho. Nisingefumba, nisingerudi. Sasa mutu aliyerudi amefumba macho atajisifu nini? Tena we ulikuwa na furaha sana na malaika wako. Kwa miaka tisa sikuwahi kukupa furaha nyingine."

Sikuweza kumuambia asante. Nikamuambia: "Umenichania jipo."

Akasema: "Ilikuwa imechanika zamani."

Ni kweli, ilikuwa imechanika zamani. Tukakaa. Akapika chai, akaweka sukari nyingi, kwa sababu chumvi ndiyo nimekatazwa. Tulitazama ile picha mupaka chai ikapoa. Yee hajawahi kujiona akiwa na woga, alisema: "Kumbe nafungua mudomo kumushinda kiboko." Tulicheka mupaka goti likauma.

Nilirudi nyumbani, na nakuambia kweli, nilikuwa bado sijaamua. Elsa, malaika ni kitu kikubwa kwa mutu kama mi. Mi ni nani? Mufuaji. Kwa wiki moja watu walikuwa wananipisha njiani. Mama mumoja alileta mutoto wake nimuguse. Na huyu Caritas hataki kitu, nikinyamaza atakufa nacho, na mi nitazikwa na malaika wangu, korali inaimba haraka haraka. Nilifikiria hivyo njia nzima. Lakini kila nikifumba macho nione malaika, naona mutu anayekuja nyuma yangu na kiatu kimoja.

Jana baada ya misa nikasimama mbele ya wote. Nikasema: "Ile habari ya malaika nilisema vibaya. Huyo malaika yuko hapa, safu ya nne, kilo tisini, ni jirani yangu wa nyuma. Alikimbia kama sisi wote tungekimbia. Halafu akarudi. Kurudi mi sikuona, kwa sababu nilikuwa namutazama kiboko."

Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi, Caritas akajificha nyuma ya kitabu cha nyimbo, na kitabu ni kidogo. Padri akatazama juu kwa dari. Halafu Dieudonné akainua mukono: "Kwa hiyo, Mama Dorothée, Mungu hakuja?"

Nikamuambia: "Dieudonné, kaa chini."

Akakaa. Korali ikaanza wimbo, kama vile nimejibu. Basi labda nimejibu.

Sasa maneno yako. Tundika. Salvator anakimbiza hii barua kwa basi ya leo, ifike mbele ya hiyo kumi na tano yenu. Nilitaka kukuomba ufute jipo, Gaël anasema kompyuta inaweza. Lakini nimetazama vizuri, mikono yake iko pale pale juu ya jipo. Ukifuta moja, unafuta na nyingine. Iache, watu wa Dar waione, wao pia wana zao.

Chini ya picha mutaandika majina. Caritas aandikwe wa kwanza.

Mimi wa pili,
Dorothée